Aproni ya Kwanza Hufungwa na Mwenzako

Tik. Tik. Tik.

Saa kumi alfajiri, jiko la gesi la Hortensia Villarreal linagoma kuwaka. Anazungusha kitufe tena, polepole, kama anayembembeleza mtoto mkaidi, na safari hii moto wa bluu unashika chini ya bamba la chuma. Nje, mtaa wa magharibi wa San Antonio, Texas, bado uko kimya. Chumbani, mumewe anageukia upande wa pili.

"Jiko hilo nitalitengeneza Jumamosi," anasema mzee Fermín kutoka gizani.

"Jumamosi ya mwaka gani?"

"Ya mwaka huu, mke wangu. Usinidharau."

Hortensia anacheka bila kutoa sauti, maana chumba cha pili amelala mjukuu wao Itzel, mwenye miaka tisa. Anasukuma chapati nyembamba za unga wa ngano, anazichoma, anazijaza viazi na mayai. Nyingi anazitia pilipili ya kutosha. Mbili anazifunga peke yake, hazina pilipili hata chembe.

Hizo mbili ni za mtu asiyemjua. Leo kazini anaingia mfanyakazi mpya, na Hortensia ndiye aliyepewa jukumu la chakula chake cha siku ya kwanza.

"Pilipili huongezwa," anasema. "Haipunguzwi."

Anapotoka, anakuta gari limeshapata moto. Fermín amepita mlango wa nyuma na kandambili zake, amemwagia kioo maji ya vuguvugu kuondoa barafu, na amekisogeza kiti mbele, kwa kuwa jana aliendesha yeye na miguu yake ni mirefu. Hasemi kitu. Anarudi kulala.

Mtaani na kazini, Hortensia anaitwa Mama Tencha. Ana miaka sitini na mmoja, na karibu nusu ya umri huo ameitumia Alba, kiwanda kinachofua mashuka, foronya na magauni ya wagonjwa ya hospitali za mji. Alipoanza alilipwa chini ya dola tano kwa saa. Leo anapata dola kumi na saba, ingawa kodi ya nyumba nayo haikukaa kumsubiri.

Kazi yake ni kwenye mashine ndefu ya pasi. Wawili wanashika shuka bichi kwenye pembe, wanalinyoosha, wanalilisha mashine. Upande wa pili linatoka kavu na la moto, na wawili wengine wanalipokea na kulikunja. Ni kazi ya kwenda pamoja. Mmoja akichelewa kidogo, shuka hukunjamana na wote wanne huanza upya.

Zamu ya Mama Tencha inaanza saa kumi na moja alfajiri na kuisha saa saba mchana. Kwa sababu hiyo, Itzel akirudi shule anamkuta bibi yake mlangoni. Mama wa mtoto, binti wa Mama Tencha, analea wazee usiku kucha kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na mchana hulala; Fermín naye mchana huwa kazini.

Ndiyo maana mwezi wa kumi, meneja wa kiwanda, Bwana Whitlock, aliposimama juu ya sanduku na kusema zamu ya alfajiri huenda ikafungwa, mawazo ya Mama Tencha yalikimbilia nyumbani.

Watu walikuwa hawatoshi. Kati ya wanane walioajiriwa tangu majira ya joto, watano walikuwa wameondoka. Wengi hawakuaga. Walitoka wakati wa mapumziko kwenda kwenye magari yao, na hawakuonekana tena. Kama kabla ya Krismasi mashine zote hazitakuwa na watu, alisema Whitlock, zamu ya alfajiri ingeunganishwa na ile ya mchana, inayotoka saa tatu usiku.

"Nilifikiria mlango wangu," anasema Mama Tencha. "Itzel anabisha, na hakuna mtu."

Cha ajabu ni kwamba watu hao waliondoka katika mwaka ambao kampuni ilikuwa imejitahidi kuwajali kuliko miaka yote.

Kampuni ilikuwa imemleta Marisela Urrutia, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mzaliwa wa mji huuhuu, aje kuhakikisha wafanyakazi wa asili ya Kilatini, ambao ndio karibu wote, wanajisikia wako kwao. Bibi yake ndiye aliyetoka Meksiko. Marisela mwenyewe anasema Kihispania chake kina matobo kama soksi. Lakini alifanya kazi. Maelekezo ya mashine yaliandikwa kwa Kihispania, lugha ambayo watu huota nayo. Masomo ya Kiingereza yaliwekwa ndani ya saa za malipo. Iliundwa kamati ya wafanyakazi, na Mama Tencha akachaguliwa.

Na mwaka huo, majira ya machipuko, Marisela akaleta mikoba.

Kila mfanyakazi mpya alikabidhiwa mkoba mzuri wa bluu. Ndani mlikuwa na viatu visivyoteleza, glavu, aproni, chupa ya chai na kuponi ya chakula cha siku ya kwanza.

"Niliwahi kuingia kazini mikono mitupu," anasema Marisela. "Sikutaka mtu mwingine apitie hayo."

Hakujua kwamba vitu hivyo vyote vilikuwa na wenyewe.

Kwa watu wa mtaa huu, jambo kubwa halibebwi na mtu mmoja. Binti akitimiza miaka kumi na mitano na kufanyiwa sherehe, shangazi mmoja husimamia viatu, jirani husimamia keki, mjomba husimamia muziki. Msimamizi mwanamke huitwa madrina, mwanaume padrino, kama wale wa ubatizo. Na uhusiano huo ni kama ule wa somo na mwari: ngoma huisha, usomo hauishi.

Alba nako desturi hiyo iliingia kimyakimya, miaka mingi kabla ya kamati yoyote. Mfanyakazi mpya alikuwa na wa viatu, wa glavu, wa chai, wa chakula. Mama Tencha alipofika, aproni yake ilifungwa na mwanamke aliyeitwa Consuelo Arizpe, Bibi Chelo, ambaye sasa ana miaka themanini na minane. Alimgeuza kwa mabega, akapiga fundo mara mbili.

"Akaniambia, 'Mimi ndiye wa aproni. Ikichanika, njoo kwangu. Ukichanika wewe, njoo kwangu pia,'" anakumbuka Mama Tencha. "Na nilichanika, mwaka aliokufa mama yangu. Nikaenda kwake."

Bibi Chelo alipostaafu, aproni zikawa za Mama Tencha. Kisha ukaja mkoba wa bluu, na watu wakautazama, wakaelewa vibaya, kwa namna ambayo ni watu wenye adabu hiyo tu wangeweza kuelewa vibaya.

"Tukajua kampuni imekuwa msimamizi wa vyote," anasema. "Na ukimkuta msimamizi ameshasimama, unampisha. Huendi kumsukuma."

Hivyo wakampisha. Hakuna aliyemwambia Marisela neno, kwa sababu zawadi haisemwi vibaya mbele ya mtoaji. Mtu wa viatu hakuwa na sababu tena ya kupita kwa mgeni kumuuliza kidole kikubwa kinaendeleaje. Mtu wa chai hakuwa na sababu ya kukaa naye mezani. Wageni wakala peke yao, na viatu vyao vipya.

Mmoja wao alikuwa Yadira Zelaya, mwenye miaka thelathini na mitatu, kutoka Olanchito, Honduras.

"Mkoba niliupenda," anasema Yadira. "Viatu ninavyo mpaka leo. Lakini mkoba haukuulizi umelalaje."

Wenzake wa pasi walikuwa Wameksiko, na yeye alidhani wanamtenga kwa sababu hiyo. Mwezi wa tisa kukafanyika sherehe ya wafanyakazi, akavishwa kofia pana ya Kimeksiko yenye nakshi, akapigwa picha. "Kwetu Olanchito kofia hiyo tunaiona kwenye televisheni kama nyinyi mnavyoiona," anasema, na sasa anaweza kucheka. Siku ile hakucheka. Alikuwa ameanza kuulizia kazi kwenye hoteli.

Baada ya tangazo la Whitlock, Marisela aliita kamati. Alikuja na mkate mtamu na macho ya mtu asiyelala.

"Wazee wangu, nisaidieni," alisema. "Ni mshahara? Ni joto? Nimekosea wapi?"

Baltasar Mireles, mzee anayesukuma matoroli, alichagua mkate kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba jibu limo ndani ya sukari yake.

Mama Tencha ndiye aliyefungua mdomo, na hakuanzia kwenye mkoba.

"Mwanangu, ulipotimiza kumi na mitano, viatu vyako vilisimamiwa na nani?"

Marisela akashangaa. "Na shangazi Ofelia."

"Yuko hai?"

"Yuko hai sana. Juzi kanipigia simu kuuliza kama bado navaa visigino virefu. Anasema nitavunjika mgongo."

"Na keki?"

"Jirani yetu, Mama Pilar. Huyo hata nikisahau mimi siku yangu ya kuzaliwa, yeye hasahau."

"Basi kama siku ile ungekuja mkoba mmoja, una viatu na keki na kila kitu, juzi ungepigiwa simu na nani?"

Marisela akauweka mkate wake chini.

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi sana ukiigawa," alisema Baltasar. "Tungeanzia wapi?"

"Kwa hiyo miezi yote hii mmeniheshimu mpaka zamu inafungwa?"

"Adabu ni ghali," alisema mzee, akauma mkate, na wote wakacheka, Marisela akifuta macho.

Mama Tencha anataka jambo moja lieleweke katika habari hii. "Yule binti hakukosa. Aliigawa kwa moyo. Kosa lilikuwa letu sote, la kukaa kimya na midomo iliyojaa asante."

Siku zilizofuata Marisela alienda kwa Whitlock. Viatu na glavu kampuni iliendelea kununua, kwa kuwa sheria inaidai hivyo, lakini sasa vinakabidhiwa kwa msimamizi, naye ndiye anayempa mgeni. Aproni, chai na chakula vilirudi kwa watu. Na siku mgeni anapoingia, mashine zinachelewa nusu saa kuwashwa, na nusu saa hiyo inalipwa.

"Nusu saa mashine zimezimwa?" Whitlock aliuliza.

"Zikikosa watu zitazimwa siku nzima," alijibu Marisela. Akakubaliwa mpaka Krismasi.

Usiku wa mkutano ule Mama Tencha hakulala vizuri. Asubuhi akamwendea Yadira kwenye pasi.

"Vua aproni."

"Nimefanya nini, mama?"

"Hujafanya kitu. Vua."

Yadira akaivua, akidhani amefukuzwa. Mama Tencha akaikung'uta, akamgeuza kwa mabega, akamfunga upya, fundo mara mbili.

"Mimi ndiye wa aproni," akamwambia. "Nimechelewa miezi mitatu. Unisamehe."

Yadira alilia akijifuta kwa kilichokuwa mkononi, na kilichokuwa mkononi kilikuwa shuka safi. Likarudishwa kufuliwa.

Kazi ya hotelini hakwenda kuiulizia tena. Siku hizi anakaa meza ya katikati, na chapati zake nene za Kihonduras, zilizokunjiwa maharage na jibini, zimekuwa mgogoro wa kila siku.

"Hilo ni godoro," Baltasar humwambia. "Mtu anaweza kulalia."

"Na zenu, Don Balta, nikiinua moja naona mtu wa upande wa pili," humjibu. "Nyie mnafunga chakula au mnakifunika shela?"

Wageni wawili walioingia baada ya hapo wamebaki. Leo, Alhamisi ya Desemba yenye baridi, amebaki kupatikana mmoja tu ili mashine zote zipate watu. Krismasi iko karibu sana. Mmoja huyo ni mwanaume.

Jina lake ni Eleuterio Bazán, ana miaka hamsini na sita, na tangu ujana wake amejenga mapaa ya watu mpaka goti likakataa kupanda ngazi. Anaingia Alba na kofia mkononi kama anayeingia kanisani. Mashine zimezimwa. Watu wamesimama duara. Marisela yuko nyuma kabisa, karibu na mlango, mahali ambapo haonekani.

Baltasar anamkalisha kwenye kiti, anapiga magoti akiguna, anabonyeza ncha ya kiatu. "Mimi ndiye wa viatu. Kikikubana usijifanye mwanaume, sema."

"Hakibani."

"Nitauliza tena Jumatatu."

Wa chai anampa chupa ya uji wa mahindi na chokoleti, wa moto. Halafu inakuja zamu ya aproni. Mama Tencha anachomoa kwenye mfuko wake aproni aliyoifua na kuipiga pasi mwenyewe nyumbani. Anaishika kidogo. Kisha anamkabidhi Yadira.

"Mimi?" Yadira ananong'ona. "Mama, hii ni yako."

"Ilikuwa ya Chelo."

Yadira anamzunguka Eleuterio. Anafunga, na fundo la kwanza linafunguka.

"Mimi nimewahi kufungwa na mke wangu tu," anasema Eleuterio, masikio yamemwiva.

"Tutamwambia," mtu anasema kutoka nyuma, na duara zima linacheka.

"Tulia, Don Eleuterio, usijitingishe," anasema Yadira, na sasa sauti yake imepata nguvu. Anapiga fundo mara mbili. "Mimi ndiye wa aproni. Ikichanika, njoo kwangu." Anasita. "Ukichanika wewe pia, njoo."

Mama Tencha anashughulika na kitu kwenye mfuko wake ambacho hakipo.

Mashine zinawashwa. Eleuterio anapewa pembe ya shuka, na mikono iliyozoea kunyoosha karatasi za paa inajifunza kitambaa. Anakunjamanisha mashuka mengi. Kila mara wanne wanaanza upya, na hakuna anayepumua kwa nguvu.

Saa ya mapumziko inafika. Mama Tencha anamwekea zile chapati mbili. Eleuterio anashukuru, anauma, anatafuna polepole. Anauma tena. Kisha anaiweka chini, anafuta mdomo, anasimama, anachukua kofia yake na kutoka nje kuelekea kwenye maegesho ya magari.

Wengi wa wale watano walioondoka walitoka kwa mlango uleule, saa ileile.

Kupitia dirishani wanamwona akichechemea hadi kwenye gari lake kuukuu. Anafungua mlango. Anaingia nusu mwili. Yadira ameshika ukingo wa meza. Baltasar amesahau kutafuna.

"Acheni kumtazama," anasema Mama Tencha, naye hajaondoa macho.

Eleuterio anafunga mlango wa gari na kurudi. Mkononi ana chupa pana ya kioo iliyojaa pilipili za siki.

"Samahani, mama," anasema akikaa. "Chakula ni kitamu sana. Ila niambieni, nani amekufa humu ndani mpaka pilipili ikakatazwa?"

Kicheko kinamtoa Whitlock ofisini. Anasimama mlangoni akiwa hajui kinachochekesha, na mtu anamsogezea kiti. Yadira anamkatia kipande cha lile godoro lake. Eleuterio, bila kuulizwa, anamwekea pilipili juu. Meneja anakula, anakuwa mwekundu, anakula tena.

Saa saba, zamu inapotoka, Whitlock yuko pale mlangoni.

"Kesho?" anamuuliza Eleuterio kwa Kihispania chake kigumu.

"Kesho," anajibu Eleuterio. "Huyu mzee wa viatu ana maswali Jumatatu. Siwezi kukosa."

Whitlock anamgeukia Mama Tencha. "Mashine zote zina watu," anasema. "Zamu inabaki. Na nusu saa yenu inabaki pia."

Mama Tencha anaitikia kwa kichwa, anatembea hadi kwenye gari lake bila haraka, anaingia, anakaa kidogo mikono ikiwa kwenye usukani.

Mwezi wa sita anakusudia kustaafu. Anataka kumpeleka Itzel kuogelea, na kulima bamia nyuma ya nyumba. Marisela amemwomba kabla ya hapo afuatane naye hadi kiwanda cha pili cha Alba, mjini Laredo, ambako mikoba bado inagawiwa na watu bado wanashukuru na kuondoka. Amekubali. "Nitakwenda niwaulize tu viatu vyao vya sherehe vilisimamiwa na nani," anasema. "Mengine watayasema wenyewe."

Lakini leo ni Alhamisi, na Alhamisi, kabla Itzel hajatoka shule, kuna mtu wa kutembelewa. Yadira anapanda naye garini.

Bibi Chelo anakaa karibu na dirisha, blanketi magotini. Macho yake hayaoni vizuri tena, hivyo Mama Tencha anamwekea mkono wa Yadira kwenye kiganja.

"Huyu ndiye aliyefunga leo, somo," anamwambia.

Mkongwe anaupapasa mkono ule, vidole vikavu kwa joto la pasi, gamba la kuungua kwenye kifundo cha mkono. "Fundo mara ngapi?"

"Mara mbili, bibi," anasema Yadira.

"La kwanza lilifunguka?"

Yadira anamtazama Mama Tencha. "Lilifunguka."

"Langu pia lilifunguka, nilipomfunga huyu. Hakuwahi kujua." Anacheka, mabega yakitikisika chini ya blanketi. "Zamu je?"

"Inabaki," anasema Mama Tencha.

Bibi Chelo anafumba macho, na kwa muda wanadhani amesinzia. Mama Tencha anamrekebishia blanketi. Yadira anaosha vikombe bila kuambiwa. Wanapofika mlangoni, sauti inawafuata.

"Mje tena Alhamisi. Na huyo mwanaume aliyefungwa aproni mje naye, nimshike mkono."